Herufi, Sauti na Msomaji: Historia Fupi ya Ufikivu wa Maandishi, kutoka Kiriaini hadi Kwenye Tovuti

1.0 Utangulizi

Kiriaini ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Murang'a, kwenye barabara itokayo mjini Murang'a kwenda Othaya na Nyeri. Wenyeji wake wengi ni wakulima wa majani chai na kahawa, na lugha yao ya kwanza ni Kikuyu. Siku moja ya soko mwandishi wa makala haya alikuwa ameketi katika kibanda kimoja cha kompyuta mjini humo, akingoja karatasi zake zipigwe chapa. Akaingia mzee mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kwa mtoto wa jicho. Alitaka kujaza fomu katika tovuti moja ya huduma. Msichana mwenye kibanda akamsomea maswali, akiyageuza kutoka Kiingereza kwenda Kikuyu, moja baada ya jingine. Walipofika mahali pa kuingilia, msichana akamwuliza kwa adabu, "Guka, namba ya siri ni ipi?" Mzee akaitaja kwa sauti, nasi sote tuliokuwamo tukaisikia.

Kibandani mle hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Msichana alikuwa mwema, na mzee alikuwa na akili timamu. Hata hivyo, namba ya siri iliyotajwa mbele ya watu watano si siri tena, na mtu anayelazimika kuitaja amenyang'anywa kitu ambacho wengine hupewa bila kuomba: uwezo wa kuyashughulikia mambo yake peke yake. Yafaa basi tujiulize ilikuwaje ukurasa uliowekwa wazi kwa ulimwengu mzima ukashindwa kusomwa na mtu yule yule ambaye uliandikwa kwa ajili yake.

Aghalabu swali hili huachiwa mafundi wa kompyuta na wanasheria. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba ni swali la wanalugha pia, na kwamba lina historia ndefu kuliko kompyuta yenyewe. Kila mara maandishi yalipohamia chombo kipya, yaani mtambo wa chapa, taipu, simu na hatimaye tovuti, kulikuwa na mtu aliyeamua msomaji ni nani. Wale walioachwa nje waliachwa kwa uamuzi, na baadhi yao waliingizwa ndani kwa uamuzi. Tutafuata historia hiyo katika miji iliyo kusini na magharibi mwa Mlima Kenya, kisha tutazame miongozo ya ufikivu ya siku hizi, na mwisho tuseme kazi ya idara za lugha ni ipi. Kwa neno "ufikivu" twakusudia hali ya maandishi au chombo kuweza kutumiwa na kila aliyekusudiwa, awe anaona au haoni, anasikia au hasikii, ni kijana au ni mzee, amesoma sana au amesoma kidogo. Neno lenyewe tutalirudia katika sehemu ya tano.

2.0 Herufi na mashine

2.1 Irabu saba

Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika Tuthu, katika Murang'a ya leo, mwaka 1902. Wale wa Misheni ya Kanisa la Scotland walijenga kituo chao Tumutumu, karibu na Karatina, miaka michache baadaye. Makundi haya mawili, pamoja na mengine, yalikabiliwa na tatizo moja: Kikuyu kina irabu saba, na alfabeti ya Kirumi ina herufi tano tu za irabu. Mwaka 1914 A. R. Barlow wa misheni ya Kiskoti alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kikuyu. Mwaka 1916 Wakonsolata walianza kuchapisha huko Nyeri gazeti la Kikuyu lililoitwa Wathiomo Mũkinyu. Mwaka 1928 Wakikuyu wenyewe walipata gazeti lao, Mũigwithania, maana yake "mpatanishi", ambalo mhariri wake alikuwa Jomo Kenyatta.

Njia iliyoshika mizizi ni ile ya kutia kialama cha wimbi juu ya herufi mbili, ĩ na ũ, ili zitofautiane na i na u. Mwaka 1927 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, yenye makao London, ilitoa mapendekezo yake ya uandishi wa lugha za Kiafrika, ambayo yalipendelea herufi mpya kama ɛ na ɔ badala ya vialama. Maandishi ya Kikuyu hayakuifuata njia hiyo, na kialama kikabaki.

Kialama hicho si pambo. Katika Kikuyu ĩta ni kuita, na ita ni kumwaga. Anayekiacha kialama humwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Msomaji mzoefu atabahatisha vema kwa kutazama muktadha, lakini mtoto anayejifunza kusoma, au mtu aliyejifunza Kikuyu ukubwani, atakwama. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1980, kialama hicho kilikuwa katika jina lake na katika jina la kitabu. Neno la pili la jina hilo lina kiambishi cha mahali -inĩ, ambacho ni ndugu wa -ni ya Kiswahili, na ndicho kilichomo katika jina la Kiriaini. Kwa hiyo hata jina la mji wetu, kama tuliandikavyo hapa kwa desturi ya ramani na mabango, limekwisha kupoteza sehemu ya sauti yake.

2.2 Mashine iliyotoka mbali

Taipu iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza haikuwa na ĩ wala ũ. Mpiga taipu alikuwa na njia mbili: kuongeza vialama kwa kalamu baada ya kumaliza ukurasa, au kuviacha. Kompyuta ilipokuja ilirithi upungufu huo. Mpangilio wa herufi wa Kimarekani uliotolewa mwaka 1963, ujulikanao kwa jina la ASCII, ulikuwa na nafasi 128 tu, nazo zilitosha Kiingereza. Mwaka 1987 ulitolewa mpangilio wa kimataifa uliopanuliwa kwa lugha za Ulaya Magharibi. Huo ulikuwa na ã na õ za Kireno na ñ ya Kihispania. Ni kialama kile kile cha wimbi, lakini ĩ na ũ hazikuwamo. Yaani mashine iliweza kukichora kialama; ilichokosa ni mtu wa kuikumbusha kwamba Wakikuyu nao wanasoma.

Kasoro hiyo iliondolewa na mpangilio wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na ambao ulizipa ĩ na ũ nafasi zao. Tangu hapo hakuna sababu ya kiufundi ya kuandika Kikuyu bila vialama. Lakini mazoea hayafi upesi. Vicharazio vya simu na kompyuta nyingi haviweki herufi hizo mahali panapoonekana, na watu wamezoea kuandika bila hizo.

2.3 Kiswahili na bahati yake

Yawezekana kuuliza kwa nini wataalamu wa Kiswahili hawakulalamika. Jibu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na bahati. Kina irabu tano, na othografia yake iliyosanifiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 haina vialama juu ya herufi. Kiswahili kilipita kwenye taipu ya Kiingereza bila kukwaruzwa, isipokuwa mahali pamoja: ng'. Alama ya ritifaa hutenganisha ng'oa, yaani kutoa kitu ardhini kwa nguvu, na ngoa, yaani wivu au tamaa. Katika programu nyingi za kuhifadhi taarifa, alama hiyo ina kazi maalumu ya kufungua na kufunga maneno, na mtunga programu asiyeangalia huikataza isiandikwe katika fomu. Ndipo mtu wa Murang'a anapoambiwa na mashine kwamba jina la kaunti yake si halali, naye huiandika "Muranga" ili aruhusiwe kupita.

Tena bahati hiyo ilikuwa na gharama yake. Kwa karne nyingi Waswahili wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kirumi zilipofanywa kuwa ndizo za shule na ofisi, wazee wengi waliokuwa wasomi katika jamii zao walihesabiwa kuwa hawajui kusoma. Hawakusahau kitu chochote. Chombo ndicho kilichobadilishwa. Mzee wa Kiriaini na mzee wa Lamu wa siku zile wamefanana katika jambo hili: wote wawili walifanywa wasiojua na uamuzi uliofanywa mahali pengine.

3.0 Simu: fundisho la Thika

Mfano unaojulikana zaidi wa chombo cha maandishi kilichowafikia watu wengi katika Kenya ni huduma ya M-Pesa. Kwa hiyo yafaa tueleze ilivyoanza. Mwezi Oktoba mwaka 2005 ilifanyiwa majaribio Nairobi na Thika na kampuni ya Safaricom, ikishirikiana na Vodafone ya Uingereza na shirika la mikopo la Faulu. Kusudi la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa mikopo yao midogo kwa simu. Waanzilishi walipowatazama watumiaji waliona jambo ambalo hawakulitarajia: watu waliitumia huduma hiyo kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa kwa umma mwezi Machi 2007, ilikuwa imejengwa juu ya kitendo hicho, yaani kumtumia fedha mtu aliye mbali.

Kwa mtazamo wa lugha, mambo matatu yastahili kuangaliwa. Kwanza, huduma hiyo ilifanya kazi katika simu ndogo ya bei nafuu, bila intaneti. Pili, orodha yake ya maagizo ilikuwa fupi, na mtumiaji aliweza kuchagua Kiswahili au Kiingereza. Tatu, ilizungukwa na watu: kila sokoni palikuwa na wakala ambaye mtu angeweza kumwuliza kwa lugha yake ya nyumbani. Maandishi hayakuachwa peke yake. Maneno kama "tuma pesa", "toa pesa" na "namba ya siri" yakawa msamiati wa kila siku wa watu ambao hawakuwahi kufungua kamusi ya Kiswahili.

Hata hivyo tusiisifu huduma hiyo kupita kiasi. Kwa mtu asiyeona, orodha iliyo kwenye simu isiyosema ilikuwa ukuta. Alilazimika kumpa mjukuu au jirani namba yake ya siri, na uaminifu wa mjukuu ndio uliokuwa benki yake. M-Pesa ilionyesha kwamba lugha fupi na ya nyumbani huwaingiza watu wengi. Ilionyesha pia kwamba maandishi yasiyo na sauti huwaacha nje wengine.

4.0 Tovuti na miongozo yake

4.1 Miongozo na sheria

Tovuti ilibuniwa na Tim Berners-Lee katika miaka ya mwisho ya 1980. Mwaka 1994 aliunda shirika la kusimamia kanuni zake, lijulikanalo kama W3C, na mwaka 1997 shirika hilo lilianzisha kitengo cha ufikivu. Miongozo ya kwanza ya Ufikivu wa Maudhui ya Tovuti ilitolewa mwaka 1999; toleo la pili lilitoka mwaka 2008, nalo likaongezewa vipengele mwaka 2018 na mwaka 2023. Miongozo hiyo husimama juu ya nguzo nne: maudhui yatambulike kwa hisi mojawapo, yatumike, yaeleweke, na yaweze kusomwa na programu za aina nyingi. Masharti yake yamepangwa katika madaraja matatu, kuanzia yale ya lazima kabisa hadi yale ya juu.

Sheria nazo zilifuata. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Kenya iliuridhia mwaka 2008. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inaitaka serikali kukuza lugha za kienyeji, Lugha ya Alama ya Kenya, breli, na njia nyingine za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Wanalugha watazame vema jinsi ibara hiyo ilivyopangwa: lugha za kienyeji na breli zimewekwa katika sentensi moja. Watunga Katiba waliona kwamba mzee asiyejua Kiingereza na kijana asiyeona wana dai la jamii moja. Mwaka 2022 Kenya ilipata kiwango chake cha taifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za habari na mawasiliano, kiitwacho KS 2952, na mwaka 2025 ikapata sheria mpya ya watu wenye ulemavu badala ya ile ya mwaka 2003.

Haja ya mambo haya ilizidi kuonekana pale huduma za serikali zilipohamia mtandaoni. Mwezi Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa katika mfumo wa eCitizen. Zamani mtu asiyeweza kusoma fomu alikwenda kwa karani, akaketi mbele yake, akaulizwa. Karani akiondoka na fomu ikabaki, ufikivu wa fomu ndio ufikivu wa serikali yenyewe.

4.2 Programu isomayo kwa sauti

Mtu asiyeona hutumia programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo cha kompyuta au simu. Kwa muda mrefu programu hizo zilikuwa za bei kubwa. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, ambaye yeye mwenyewe haoni, alianza kutengeneza NVDA, programu itolewayo bure. Hutolewa pamoja na sauti zitokanazo na eSpeak, programu huria iliyoanzishwa na Jonathan Duddington, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake.

Katika mji wa Thika, ambako M-Pesa ilijaribiwa, ipo Shule ya Wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Hapo ndipo shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka 2009 na Irene Mbari-Kirika, lilipoanza kazi ya kuwafunza wanafunzi wasioona matumizi ya kompyuta. Kwa hiyo haiwezi kusemwa tena kwamba wasomaji wa namna hiyo hawapo katika sehemu zetu. Wapo, wamefunzwa, na wanangoja kurasa zinazosomeka.

Hapa ndipo kosa dogo la lugha linapozaa hasara kubwa. Kila ukurasa wa tovuti waweza kutiwa alama fiche inayoiambia programu ukurasa huo umeandikwa kwa lugha gani. Alama ya Kiswahili ni sw, ya Kikuyu ni ki, na ya Kiingereza ni en. Msomaji anayeona haioni alama hiyo, na wala haimhusu. Lakini programu isomayo kwa sauti huitegemea ili ichague kanuni za matamshi. Watengenezaji wengi huanza kazi yao kwa kunakili kiunzi kilichokwisha kutiwa alama ya Kiingereza, kisha wakaandika Kiswahili ndani yake bila kuibadili. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili fasaha chaweza kutamkwa kwa kanuni za Kiingereza: irabu zikapinda, mkazo ukahama kutoka silabi ya pili kutoka mwisho, na neno kama "jina" lisitambulikane. Miongozo ya mwaka 2008 iliweka alama ya lugha ya ukurasa katika daraja la lazima kabisa. Ni sharti linalotimizwa kwa herufi mbili tu.

Yapo makosa mengine ya namna hiyo. Tangazo la basari likiwekwa kama picha ya barua, pamoja na mhuri na sahihi yake, msomaji wa kawaida huiona barua nzima. Programu isomayo kwa sauti huona picha moja isiyo na neno, isipokuwa mwandishi ameongeza maelezo ya maandishi. Kitufe kilichoandikwa "Bonyeza hapa", kikirudiwa mara saba katika ukurasa mmoja, humpa asiyeona majina saba yasiyotofautiana. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe huwachosha wenye macho dhaifu. Ndiyo sababu miongozo hudai tofauti ya mwanga ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Hata mwenye macho mazima, akisimama na simu yake juani sokoni Kiriaini, hunufaika na sharti hilo hilo.

Jambo hili la mwisho lina uzito wake. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya watu wa umri wa miaka 5 na zaidi. Anayetaka kupuuza ufikivu aweza kuitumia tarakimu hiyo kusema kwamba wanaohusika ni wachache. Lakini uzee haukuhesabiwa humo, wala mwanga mkali wa jua, wala kioo cha simu kilichopasuka, wala lugha ngeni. Kila mmoja wetu, akijaliwa umri, anaelekea alikokwisha kufika yule mzee.

4.3 Viziwi na lugha ya pili

Kuna wasomaji ambao huonekana kuwa hawana tatizo na tovuti kwa kuwa macho yao ni mazima. Hao ni viziwi. Katika shule kama ile ya viziwi ya Tumutumu, lugha inayowaunganisha wanafunzi ni ya alama. Kiswahili na Kiingereza cha maandishi ni lugha za kujifunza, zenye sarufi tofauti kabisa. Sentensi ndefu yenye vishazi vinne, ambayo karani huiona kuwa ya heshima, kwao ni kizuizi. Kwa hiyo kumwekea kiziwi maandishi si kumaliza kazi. Yategemea ni maandishi ya namna gani.

Hapa twaweza kuikosoa miongozo yenyewe. Sharti la kuandika kwa lugha inayoweza kueleweka na mtu aliyesoma hadi sekondari ya chini limewekwa katika daraja la juu kabisa, ambalo tovuti nyingi hazilazimiki kulifikia. Pengine waliopanga hivyo walikuwa na sababu, maana wepesi wa lugha ni vigumu kupimwa kwa mashine. Lakini kwa nchi ambayo raia wengi husoma kwa lugha yao ya pili au ya tatu, mpangilio huo ni wa kichwa chini. Ukurasa waweza kutimiza masharti yote ya lazima, ukasomwa kwa sauti safi, rangi zake zikawa barabara, na bado mkulima asielewe anatakiwa kufanya nini.

5.0 Istilahi

Tumekwisha kusema kwamba lugha ni sehemu ya chombo. Basi uchaguzi wa istilahi nao ni kitendo cha ufikivu. Kiswahili kimejaribu maneno mengi katika uwanja huu. Wapo wasemao "kompyuta", na wapo, hasa katika Kenya, wanaopendelea "tarakilishi". Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maagizo ya Kiswahili, na watafsiri wake walilazimika kuamua mamia ya maneno ya namna hiyo.

Chukua neno moja tu, lile linaloulizwa mlangoni mwa kila tovuti. Baadhi ya watafsiri huliita "nywila", neno zuri lenye asili katika lugha. Wengine husema "neno la siri" au "nenosiri". Mtu wa Kiriaini ambaye kwa miaka mingi ametumia "namba ya siri" atalielewa "neno la siri" mara moja. Akikuta "nywila" atamwita mwenye kibanda. Hatusemi kwamba maneno ya kale yasifufuliwe. Twasema kwamba mahali pa kufufulia neno si pale ambapo mtu anahitaji kulielewa ili apate dawa, basari au cheti cha kuzaliwa. Hapo kanuni ya kwanza iwe matumizi ya watu, na uzuri wa asili uje baadaye.

Na sasa turudi kwenye "ufikivu". Kitenzi sikia hutupa sikivu na usikivu. Vumilia hutupa vumilivu na uvumilivu. Kwa mfano huo fikia imetupa fikivu na ufikivu. Yafaa kuangalia kwamba maneno ya jamii hii aghalabu humtaja mtenda: msikivu ni yule asikiaye, na mvumilivu ni yule avumiliaye. Kama tungetaka kutaja kitu kinachoweza kufikiwa tu, tungetumia kauli ya kutendeka, tukasema "kufikika". Kwa kanuni za lugha yetu, basi, tovuti fikivu ni ile ambayo yenyewe humfikia mtu. Hatudhani kwamba waliolitumia neno hili mwanzoni walikusudia maana hiyo, lakini muundo wake waitoa, na ni maana bora. Kazi ya safari imewekwa upande wa maandishi, haikuachiwa msomaji peke yake.

6.0 Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya ufikivu katika nchi za Mlima Kenya haikuanza na tovuti. Ilianza pale wamisionari na Wakikuyu walipoamua namna ya kuandika irabu saba, ikapitia taipu isiyo na vialama, mpangilio wa herufi uliojali Kireno ukasahau Kikuyu, na simu iliyozungumza Kiswahili lakini isiyosema kwa sauti. Katika kila hatua kizuizi kilikuwa kimetengenezwa na watu, na kila kilichoondolewa kiliondolewa na watu.

Idara za lugha zina kazi tatu za mara moja. Ya kwanza ni kudai kwamba lugha zetu ziandikwe mtandaoni kwa othografia zake kamili, pamoja na ĩ, ũ na ng', na kwamba kila ukurasa utiwe alama ya lugha yake. Kurasa za idara zetu wenyewe zifaa kuwa za kwanza kukaguliwa. Ya pili ni kufundisha uandishi wa Kiswahili chepesi cha huduma kama somo lenye heshima yake, sawa na insha na fasihi. Maana fomu moja iliyoandikwa vema husomwa na watu wengi kuliko tasnifu zetu zote. Ya tatu ni kuzirekodi na kuzichambua sauti za lugha zetu kwa ajili ya watengenezaji wa programu zisomazo, ili Kikuyu, Kimeru na Kiembu zisomeke kwa sauti zake zenyewe.

Yule mzee alimaliza fomu yake, akalipa, akamshukuru msichana na kuondoka. Inawezekana hakupata madhara yoyote. Lakini kama ukurasa ule ungalikuwa na herufi kubwa, maswali ya Kiswahili au Kikuyu, na sauti ya kumsomea kupitia kidude cha sikioni, angaliiandika namba yake mwenyewe, sisi tuliokuwa tumeketi pale tusijue. Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo ambacho hakijulikani namna ya kutengenezwa. Ni matumaini yetu kwamba wataalamu wengine wataendeleza uchunguzi huu katika lugha na miji yao.